Nomino za Baharini, Vitenzi vya Jikoni: Uokaji wa Nyumbani katika Nyumba ya Mwambao Majira ya Demani

Mwanafunzi anayefasiri maandishi ya Ulaya kwa Kiswahili hukutana mapema na tatizo la majira manne. Kiangazi na kipupwe hupatikana bila taabu kubwa, ingawa maana zake hazilingani sawasawa na za huko. Majira yale ambayo Wazungu huyasifu kwa kuchanua kwa miti baada ya theluji ndiyo yanayomsumbua. Huandika machipuko, au majira ya kuchipua, nayo ni maneno yaliyoundwa kwa mahitaji ya shule na tafsiri. Mwambao wa Afrika Mashariki hauna baridi inayoua majani, na kwa hiyo hauna ufufuo wake. Hata hivyo mwambao una majira yake ya kufunguka, nayo yana jina la zamani: demani. Upepo wa kusi uliovuma kwa ukali tangu Mei hulegea kuanzia mwisho wa Agosti, bahari hutulia, mitumbwi hutoka tena kwenda mbali, na hali hiyo hudumu mpaka karibu na Novemba, kaskazi inapokaribia kushika. Neno hilo ni la mabaharia, kwa kuwa katika lugha ya jahazi demani ni kamba ya kuongozea tanga.

Mhadhara huu unaitazama nyumba ya mwambao katika majira hayo kwa kupitia jambo linaloonekana dogo, yaani uokaji wa nyumbani. Historia ya miji ya Waswahili imeandikwa sana kwa kufuata misikiti, makaburi, sarafu, vyombo vya kauri kutoka Uchina na nasaba za watawala. Meko hayakuacha tarihi. Hapana sultani aliyeamuru iandikwe namna ya kuumua unga, na waliojua kazi hiyo walikuwa wanawake, wengi wao watumwa. Ushahidi mkubwa uliobaki ni msamiati wenyewe. Msamiati huo una tabia moja ambayo wataalamu wa maneno ya mkopo hawajaipa uzito wake: majina ya vitu vya jikoni kwa sehemu kubwa yalifika kwa bahari, lakini vitenzi vya kazi ya jikoni karibu vyote ni vya Kibantu. Tofauti hiyo ndiyo historia inayotafutwa hapa.

Mwaka wa Meko

Kabla ya kuingia jikoni ni lazima kueleza jinsi nyumba hiyo ilivyohesabu siku zake, kwa sababu uokaji hufuata siku.

Mwaka wa zamani wa mwambao ulianza kwa siku iliyoitwa Nairuzi, au Siku ya Mwaka. Jina ni la Kiajemi, na maana yake ni siku mpya. Huko Uajemi Nairuzi ndiyo sikukuu ya kuingia kwa machipuko, nayo huangukia tarehe 20 au 21 Machi, usiku na mchana vinapolingana. Mwambaoni siku hiyo imehama. Mwaka wa Nairuzi uliotumiwa na mabaharia wa Bahari ya Hindi una siku 365 kamili, bila siku ya ziada ya kila mwaka wa nne. Kwa hiyo ukiulinganisha na mwendo wa jua hurudi nyuma siku moja katika miaka minne, na katika muda wa karne moja huwa umerudi siku zipatazo 24. Makunduchi, kusini mwa Unguja, ambako sherehe hii ingali hai kwa jina la Mwaka Kogwa, hufanyika siku hizi mwezi wa Julai. Sikukuu ya machipuko ya Waajemi imekuwa, kwa hesabu tu, sikukuu ya kusi.

Wapo waliolichukua jina Nairuzi kuwa hoja ya kuthibitisha kwamba watu wa mwambao walihamia kutoka Shirazi. Hoja hiyo ni dhaifu. Ahmad ibn Majid, nahodha mashuhuri wa karne ya 15, alizitaja siku za kusafiri kwa hesabu ya Nairuzi, na hesabu hiyo ilikuwa mali ya kila aliyeshika usukani kati ya India, Ghuba na Afrika. Kalenda husafiri na jahazi bila kuhitaji kabila zima kuhama nayo. Mabaharia na wakulima wa mwambao waliigawa kwa miongo, yaani makumi ya siku: miongo 36, na siku tano za nyongeza.

Linalohusu mada hii zaidi ni lililofanyika nyumbani. Maelezo ya karne ya 19 yanasema kwamba Siku ya Mwaka watu waliogelea baharini, na kwamba moto wa mekoni ulizimwa, ukawashwa mpya. Kwa hiyo hesabu ya manahodha ilikuwa vilevile hesabu ya mafiga. Demani ilifika wiki chache baada ya moto huo mpya.

Juu ya mwaka huo wa jua umelala mwaka wa Kiislamu, ambao hutangulia kwa siku zipatazo 11 kila mwaka na kuyazunguka majira yote katika miaka kama 33. Ramadhani ndiyo kilele cha uokaji katika nyumba ya Kiswahili, nayo haina msimu. Mwanamke aliyeanza kupika futari akiwa kijana wakati wa joto la kaskazi, alipofikia utu uzima aliipika katika ubaridi wa kipupwe, na kabla ya uzee akarudi alikoanzia. Hili si jambo la mapambo tu. Unga uliotiwa hamira mwezi wa Februari huumuka upesi na kuchachuka kupita kiasi usipoangaliwa. Unga huohuo mwezi wa Julai hutaka kuvikwa nguo na kuwekwa karibu na meko. Maarifa ya uokaji mwambaoni yalikuwa ni maarifa ya kusahihisha kanuni moja kwa majira tofauti, na demani, ambayo haina joto kali wala ubaridi, ndiyo iliyokuwa rahisi kuliko zote. Isitoshe, ndiyo majira ya mchele mpya. Mpunga wa mvua za masika huvunwa Unguja na Pemba kuanzia Juni hivi, na ifikapo demani umekwisha kukauka, kupurwa na kuingia ghalani.

Mkate Kabla ya Ngano

Msomaji wa leo akiona neno mkate huwaza ngano. Neno lenyewe halikuanzia huko. Asili yake ni ya Kibantu, na maana yake ya kale inakaribia kuwa bonge la unga uliokandwa. Ushahidi umetapakaa. Katika Kilingala cha Kinshasa mikate ni vidonge vya unga vilivyokaangwa katika mafuta. Katika visiwa vya Komoro kuna mkatra futra na mkatra wa sinia, ndugu wa karibu wa mikate ya Unguja. Na katika Kiswahili cha karne ya 19 watu walisema mkate wa tumbako wakikusudia tumbaku iliyoshindiliwa ikawa bonge. Tumbaku hailiwi wala haiokwi. Umbo ndilo lililoitwa mkate.

Kwa hiyo mwambao ulikuwa na mkate kabla ya kuwa na ngano, na ngano ilipofika ilipewa jina lililokuwa tayari. Nafaka za mwanzo zilikuwa nyingine. Al-Masudi, aliyesafiri katika bahari hii mnamo mwaka 916, aliwaeleza Wazanji kuwa watu wanaokula mtama. Uchunguzi wa mabaki ya mimea uliofanywa Pemba na Sarah Walshaw, na kuchapishwa mwaka 2010, umetoa picha iliyo wazi zaidi: katika makazi ya kale ya Tumbe, yaliyokaliwa mpaka karne ya 10 hivi, mawele ndiyo yaliyotawala, katika mji wa Chwaka uliofuata, kuanzia karne ya 11, mchele ulichukua nafasi yake. Mabadiliko hayo yalikwenda pamoja na kukua kwa miji na kuenea kwa Uislamu. Ibn Battuta alipopita Mombasa mwaka 1331 alikuta kisiwa kisicholima nafaka, kikiletewa chakula kutoka mrima. Nyumba ya mjini, tangu zama hizo, iliishi kwa nafaka iliyovuka maji, hata kama ni maji ya mkono mwembamba wa bahari tu.

Mkate wa mofa ni mfano unaostahili kutazamwa kwa makini. Katika Kiswahili cha kaskazini, Lamu na Mombasa, ni mkate wa unga wa mtama au mawele, uliobandikwa kwenye ukuta wa ndani wa chombo cha udongo chenye moto. Nchini Yemen mawfa ni jina la chombo chenyewe, yaani tanuri la udongo. Katika pwani ya Banadir, Wasomali huuita mkate huo muufo. Neno ni moja, limepita katika bandari tatu, na katika kila bandari limeshika kitu chake: huku tanuri, huku mkate. Kiswahili kimesimama katikati, kwa sababu kihusishi wa katika mkate wa mofa kinaonyesha kwamba aliyeanza kusema hivyo alijua bado kuwa mofa ni mahali pa kuokea. Aliyekuja baadaye, ambaye hakuwahi kuliona tanuri lenyewe, alifahamu kuwa mofa ni namna ya mkate au namna ya unga. Kihusishi kimoja kimehifadhi kumbukumbu ambayo nomino imeipoteza.

Nyumba na Waliokuwamo

Katika nyumba za mawe za Lamu za karne ya 18, ambazo mpango wake umechorwa na kuelezwa na Usam Ghaidan na James de Vere Allen katika miaka ya 1970, mgeni hupokewa daka, akaishia karibu na kiwanda, ua wa ndani. Vyumba virefu vyembamba hufuatana nyuma ya ua huo, kila kimoja kikiwa cha siri zaidi ya kilichotangulia. Jiko haliko huko. Liko juu, kwenye sakafu ya paa, chini ya makuti. Sababu ni moshi na joto, nazo zinatosha; lakini matokeo yake yalikuwa makubwa kuliko sababu. Jiko la juu lilikuwa mahali penye upepo kuliko pote nyumbani, na mahali pa pekee ambapo mwanamke wa ndani aliiona bahari bila kuonekana. Aliyekuwa akichochea makaa ndiye aliyejua kwanza kwamba kusi imelegea.

Si kila nyumba ya mwambao ilikuwa ya mawe. Nyumba nyingi zilikuwa za udongo na makuti, na huko meko yalikuwa uani. Maandishi yaliyobaki, hata hivyo, yameelemea upande wa wenye nyumba kubwa. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858 na Mwana Kupona binti Msham kwa ajili ya binti yake, unagusa utunzaji wa nyumba na wa mume, na chakula kimo kwa kupita. Namna ya kukipika haimo. Haikuhitajiwa. Binti wa ukoo ule alifundishwa kusimamia, na mwenye kutia mikono katika unga mara nyingi alikuwa mwingine.

Shahidi wa pili ni Sayyida Salme, bintiye Seyyid Said, aliyezaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, kaskazini mwa mji wa Zanzibar, lililojengwa ukingoni mwa bahari. Aliondoka Unguja mwaka 1866, akaishi Ujerumani kwa jina la Emily Ruete, na kumbukumbu zake zilichapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886. Ndiye mwandishi wa nadra aliyezijua kwa mwili wake nyumba ya bahari ya Unguja na machipuko ya Hamburg. Anaeleza siku ya jumba ikigawanywa na sala tano, na milo ikifuata mgawanyo huo, pamoja na wingi wa watu waliohudumu. Anawatetea pia mabwana wa watumwa dhidi ya lawama za Ulaya, na hapo msomaji anapaswa kuwa macho. Jiko analolikumbuka kwa huba lilikuwa jiko la kazi ya kulazimishwa.

Jambo hili halifai kupitwa haraka. Kutwanga, kusaga kwa jiwe, kukuna nazi, kuchota maji, kukusanya kuni: hizo ndizo saa nyingi za uokaji, na katika nyumba zenye uwezo zilikuwa kazi za wajakazi waliotekwa bara. Wengi walitoka katika jamii za Kibantu, zenye lugha zilizokuwa na vitenzi vya ukoo mmoja na vya Kiswahili. Hapa ndipo tofauti iliyotajwa mwanzoni inapopata maelezo yake, au sehemu ya maelezo yake. Mfanyabiashara alileta kitu na jina lake. Mpishi alikipokea kitu, akakifanyia kazi kwa kitenzi alichokuwa nacho, na kitenzi hicho hakikuwa na sababu ya kubadilika, kwa sababu kila aliyeingia jikoni kutoka bara alikuja na mwenzake.

Amri ya kufuta hadhi ya utumwa ilitolewa Zanzibar mwaka 1897, bila kuwahusisha masuria, ambao walisubiri mpaka mwaka 1909. Katika pwani ya Kenya ilikuwa mwaka 1907. Baada ya hapo ujuzi uliokuwa ukitolewa bure ndani ya kuta ulianza kutoka nje na kulipwa, japo kidogo. Margaret Strobel, katika kitabu chake cha mwaka 1979 kuhusu wanawake Waislamu wa Mombasa kati ya 1890 na 1975, ameonyesha jinsi upishi wa kuuza ulivyokuwa miongoni mwa njia chache za mwanamke maskini kujipatia fedha zake. Vitumbua vya alfajiri vinavyobebwa na mtoto katika sinia, mahamri ya mlangoni, mkate wa ufuta wa Unguja unaonunuliwa jioni: biashara hii ina umri wa uhuru wa wapishi wake.

Kumimina, Kuumua, Kupalia

Mkate wa kumimina, uitwao pia mkate wa sinia, unafaa kuwa kielelezo cha kazi yenyewe. Mchele mpya wa demani huchaguliwa katika ungo, hupepetwa, huoshwa na kurowekwa usiku kucha. Asubuhi husagwa pamoja na tui zito. Tui lenyewe limepita katika mbuzi, ambayo hapa ni kibao chenye chuma cha kukunia nazi na si mnyama, kisha katika kifumbu cha ukindu, ambacho hukamuliwa kwa kusokotwa. Hutiwa hamira na iliki, na sukari kwa kiasi. Rojo huachwa liumuke mpaka lianze kutoa povu na harufu yake ibadilike. Chombo hupakwa samli, hupashwa moto, kisha rojo humiminwa kwa mkupuo mmoja. Mkate haukandwi wala hausukumwi, na jina lake linasema hivyo.

Sasa huja sehemu ngumu. Nyumba ya kawaida ya mwambao haikuwa na tanuri. Ilikuwa na mafiga matatu, au seredani ya makaa, moto ukitoka chini tu, na kwa moto wa chini tu rojo hili huungua tako kabla ya kuiva uso. Suluhisho lilikuwa kukifunika chombo kwa kifuniko cha udongo, mkungu wa kufunikia, na kutia makaa mekundu juu ya kifuniko. Kitendo hicho ni kupalia. Wali hupaliwa ili ukauke vizuri. Mkate hupaliwa ili uive juu. Aliyepalia alipunguza moto wa chini na kuongeza wa juu kwa wakati wake, akijua kwa harufu na kwa mlio wa samli ukingoni, kwa maana kufunua kifuniko ili kutazama kungeushusha mkate. Kwa maneno mengine, nyumba isiyokuwa na tanuri ilijenga tanuri la muda kila siku na kulibomoa baada ya saa moja.

Vikusanywe vitenzi vilivyotumika hapa: kupepeta, kuroweka, kusaga, kukuna, kukamua, kuumua, kumimina, kupalia, kuoka. Vinafanya kazi kwa viambishi kama vitenzi vyovyote vya Kibantu. Mpishi huumua na unga huumuka. Unga huchachuka na mpishi huuchachua. Kisha yakusanywe majina. Sinia ni Kiarabu, na asili yake ni jina la Uchina. Sufuria ni Kiarabu, kutokana na neno la shaba. Mdalasini ulipita Uarabuni kutoka Kiajemi, na humo umefichwa tena Uchina, mti wa Kichina. Iliki imefungamana na majina ya India. Hamira ni Kiarabu. Mzizi wake huohuo umetoa mahamri, na mwambao umeyapokea maneno yote mawili bila kuyaona kuwa ndugu. Kaimati ni luqaymat ya Kiarabu, vitonge vidogo, iliyopoteza silabi yake ya kwanza. Chapati ni ya India. Kopo ni ya Mreno.

Orodha kama hii imewahi kutumiwa kudai kwamba upishi wa Waswahili ni upishi wa wageni. Dai hilo linachanganya jina na kazi. Mahindi yalitoka Amerika, lakini jina lake linayapeleka India. Jina linaeleza tu nani alidhaniwa kuwa ameyaleta. Kaimati zilipofika Unguja ziliingia katika kitenzi kukaanga, na mkate uliobeba jina la Ajemi ukakandwa kwa kitenzi kukanda. Hata maandazi, neno linalosikika kigeni masikioni mwa wengine, limeshikamana na kuandaa, kitenzi ambacho katika karne ya 19 kilikuwa na maana mahususi ya kutengeneza vyakula vya unga, kabla hakijapanuka mpaka kufikia kuandaa mkutano na kuandaa muswada.

Ngano ya Reli

Mpaka mwisho wa karne ya 19 unga wa ngano mwambaoni ulikuwa bidhaa ya jahazi na meli. Ulikuwa ghali na wa siku kubwa. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika Kisumu mwaka 1901, na walowezi wakaanza kulima ngano katika nyanda za juu. Kampuni ya kusaga ya Unga ilianzishwa mwaka 1908 kwa juhudi za Lord Delamere. Mwelekeo wa karne nyingi ukageuka: ngano sasa iliteremka kutoka bara. Ndipo chapati na mahamri yalipokuwa chakula cha kila asubuhi badala ya chakula cha sikukuu, na ndipo yalipopanda reli hiyohiyo kurudi bara, mpaka leo mandazi huuzwa Kampala na Kisumu na watu wasiokuwa na habari ya Lamu. Mkate wa mchele ulibaki pwani. Haukuweza kusafiri, kwa sababu ulihitaji nazi mbichi na mikono iliyojua kupalia.

Wa Kuumia katika Kamusi

Kamusi za Kiswahili zina deni hapa, na wa kulilipa ni wanafunzi wa lugha. Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844 na ambaye kamusi yake ilichapishwa mwaka 1882, aliingiza mambo mengi ya nyumbani kwa sababu aliandika alichosikia. Kazi zilizofuata, kuanzia Madan mwaka 1903 hadi Johnson mwaka 1939, zilihifadhi sehemu kubwa ya hayo. Usanifishaji ulipokamilika, na kamusi ikatakiwa kuhudumia shule na ofisi, maelezo yalifupishwa. Mikate mingi ya mwambao huishia sasa katika maneno aina ya mkate, fasili ambayo haimwambii msomaji nafaka, wala kiumulio, wala moto ulikaa wapi. Samaki wametendewa hivyohivyo, lakini samaki wana wataalamu wa viumbe wa kuwatetea.

Nomino zimeumia, vitenzi vimeumia zaidi. Nomino isiyofasiliwa vizuri huacha walau swali, kwa kuwa msomaji anaona kwamba kuna kitu asichokijua. Kitenzi kilichopoteza maana yake ya jikoni hakiachi pengo, kwa sababu maana nyingine hukalia kiti chake. Kijana wa leo akisoma kwamba mtu alipalia, atafikiria jembe na magugu, au atafikiria aliyepaliwa na maji kooni. Oveni ya gesi, ambayo ina moto wa juu kwa kugeuza kitufe, imekiondolea kitenzi hicho kazi yake katika nyumba nyingi za Mombasa na Zanzibar katika muda wa vizazi viwili.

Mfano wa mwisho ni waya. Katika maelezo ya karne ya 19 neno hilo lilikuwa pia jina la chombo cha udongo, kipana na kifupi, cha kuokea mikate juu ya moto. Vyombo vya aina hiyo vilifinyangwa na wanawake na kuvunjika kama udongo unavyovunjika. Mahali pake pamechukuliwa na kikaango cha chuma. Kinachoitwa waya sasa ni kile cha umeme na cha uzio. Mhariri wa hadithi ya kale, akikuta mwanamke ameweka waya mekoni asubuhi ya demani na watoto wamekaa kuuzunguka, atadhani mnakili amekosea, na ataufuta.